Mutoto Njo Anasema wa Kwanza

Mwalimu wangu Wilondja,

Ni mimi Riziki, ule wa mwaka wa tano kule Baraka, mwenye kukaa karibu na dirisha isiyo na mbao. Unanikumbuka? Ulikuwa unanikumbuka hata siku zenye sikuja shuleni, kwa hiyo sina wasiwasi.

Usicheke: mi pia niko mwalimu sasa. Niko hapa Fizi-Centre, juu mulimani, ninafundisha mwaka wa tatu, batoto hamsini na kitu. Diplome sina bado. Benye diplome balikimbia, basi direktere akaniita mimi. Na leo asubui nimefanya mukutano wako. Nimeweka benchi moja, mutoto katikati, muzazi huku, mi huku. Papa wa mutoto mumoja alikasirika wazi wazi: "Mumetuita sisi bakubwa. Huyu mutoto iko hapa kufanya nini?" Nilitaka kumujibu vibaya, unajua mudomo wangu. Lakini nikakumbuka namna ulikuwa unanyamaza tu, unaangalia mutoto mpaka aseme. Nikamugeukia mutoto. Mutoto akasema. Sasa nimerudi nyumbani, na ni wewe tu nilitaka kukuambia.

Siku ile mama yangu alikuja kwako na jambo moja: Riziki anatoka masomoni. Papa alikuwa amevuka ziwa wakati vita ilitufikia mara ya kwanza, iko kambini ya bakimbizi upande wa Kigoma, na shamba ya mihogo ilibaki juu ya mugongo wa mama peke yake. Mi nilijua. Nilikuwa nimelia mpaka macho imevimba. Kwetu mutoto haketi penye bakubwa banaongea, anasimama inje karibu na ukuta, anangoja kuitwa. We ulinitoa pale ukutani kwa mukono, ukanikalisha katikati.

Ukaniuliza: "Riziki, mbele Pasaka ifike, ni kitu gani moja unataka kuweza?"

Mama akajibu: "Anataka kunisaidia shamba." Ukaniuliza tena. Mama akajibu tena. Mara ya tatu haukumugeuzia mama hata shingo. Nikasema nataka kuwa munganga wa hospitali, sababu batoto bote njo banasema vile. Ukatikisa kichwa: "Ile ni ya mbali. Mi nataka ya mbele ya Pasaka." Basi ikanitoka: "Nataka kusoma barua ya papa."

Barua za papa zilikuwa zinakuja na bavuvi ba Ubwari, ndani ya mufuko ya nailoni. Mama hakujua kusoma. Jirani yetu njo alikuwa anatusomea, kwa sauti ya kanisani, uwanja muzima unasikia, na kesho yake bamama kisimani banamuuliza mama habari za bwana yake mbele hajatua hata ndoo. Mi nilikuwa ninasoma vizuri maneno ya chaki kwenye tablo, lakini mwandiko wa papa, ule wa kuungana, ulinishinda kabisa. Mama alishika ncha ya kitenge, akaikunja, akaikunja. Halafu akasema, bila kukuangalia: "Mpaka Pasaka. Asubui nitaenda shamba mi peke yangu."

Nilizani imeisha. Kumbe ulinigeukia: "Na mi nifanye nini?" Haki ya Mungu, mutoto gani anamupangia mwalimu kazi? Nikasema, usinipige fimbo nikikosa. Mama aliniziba mudomo na mukono, haya imemujaa. We ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaandika yote matatu kwenye karatasi, tukaweka alama, mama akaweka kidole chake na wino wa kalamu ya biki.

Fimbo yako haikunigusa tena. Na kila Ijumaa ulinipa barua ndogo, umeiandika kwa kuungana nyuma ya kurasa za kaye ya zamani ya shule: "Riziki, mbuzi yangu imekula kofia yangu, unishauri." Nilipaswa kuisoma na kujibu. Aksanti kwa ile mbuzi, Mwalimu. Sijui hata kama ulikuwa na mbuzi.

Ulisema tutakaa tena sisi batatu, kila muntu aseme kama amefikia. Hatukukaa. Masasi ya bunduki ilianza kulia siku ya soko. Sisi tulipanda mutumbwi mpaka Ubwari. We ulishika njia ya Lubondja na miguu, na homa ndani ya mwili. Mama mumoja mwenye batoto bake balisoma kwako njo alituletea habari: dawa haikupatikana, balikuzika kule kule. Nilikukasirikia. Nilisema umenidanganya, umeahidi mukutano na haukuja. Unisamehe. Nilikuwa mutoto, na nilikupenda.

Sasa unisikilize, hii njo ripoti yangu.

Barua ilitufikia Ubwari, Pasaka imekaribia. Mama aliifungua, akaniwekea kwenye magoti, akafunga mulango. Papa aliandika kwamba anaona haya kwa sababu alikimbia bila kumuaga, anamuomba radhi, halafu kukafuata maneno ya bwana na bibi yake. Nilipofika pale nikaacha kusoma. Mama akasema: "Usiruke. Soma." Nikasoma yote, polepole, kidole chini ya kila neno, na inje hakuna aliyesikia. Mama akalia kwa nguvu zake zote. Na barua zenye jirani alikuwa anasoma hakuwahi kuzililia, alikuwa anazimeza tu, sababu bantu banaangalia. Akapangusa uso, akafungua mulango, akamuuliza mwanamuke wa kwanza mwenye alipita kama huko Ubwari kuna shule.

Shule ilikuwa iko, Mwalimu. Nilifikia. Mama naye alifikia, hakunitoa tena. Na we ulifikia.

Ulale salama kule Lubondja. Hawa batoto hamsini na kitu, ninakuahidi, kila mumoja nitakaa naye mara ya pili. Vita haijaisha vizuri, tunajua. Tukikimbia tena, nitakimbia na majina yao, na nitabatafuta mumoja mumoja, mpaka kila mutoto aniambie kama amefikia.

Riziki