Nilienda kwa mambo ya mchezaji, nikarudi na siku ya mahari

Mama Nyaguthii,

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la tano. Kazi yangu ni zege, nakaa Wheaton, huku Marekani, mke wangu Chepkirui alifariki miaka minne iliyopita. Nisaidie, na usinicheke sana.

Kanisani kwetu tuna ligi ya futboli ya Marekani, ile ya kucheza kwa simu. Kila mtu ana timu yake ya wachezaji wa kweli na mikataba yao, na kila timu ina kikomo cha mishahara kama ile ligi kubwa yenyewe. Pesa ni za kubuni tu. Msimu ukiisha watu wengine wanapumzika, lakini kwetu hapo ndio kelele inaanza, kwa sababu mishahara inapanda na mwezi wa tatu lazima uwe umeshuka chini ya kikomo, ama ufukuze mtu, ama umpatie mwenzako mwenye nafasi amchukue na mshahara wake. Mimi nimepita kwa milioni kumi na moja. Shida ni mkimbiaji mmoja, yule wa kukimbia na mpira. Ana miaka thelathini na mbili, mbio imeisha, mshahara bado mkubwa. Chepkirui ndiye alimchagua, akiwa kitanda cha hospitali, akasema huyu anakimbia kama mtu wa kwetu. Kumfukuza siwezi. Mimi mwenyewe nishafukuzwa kazi wakati wa baridi, najua venye inauma.

Mwenye nafasi ni mmoja tu, Marie-Thérèse. Ni mjane, mtu wa Bukavu, anatunza wazee, anaishi Upper Marlboro na kaka yake Tharcisse. Timu yake imenipiga miaka miwili mfululizo. Nikasema nitamwomba amchukue huyo mzee wangu.

Sasa kwetu kitu kikubwa hukiombi kwa simu, huendi peke yako, na huendi mikono mitupu. Nikamchukua Silvanus, tunafanya kazi pamoja, yeye anajua kuongea. Akavaa suti. Nikabeba sukari kilo kumi, soda kreti mbili na blanketi ya mama yao. Kwa simu nilisema tu tunakuja Jumapili na tuna neno.

Tulikuta watu kumi na tano sebuleni. Tharcisse amevaa tai. Wakaomba. Wakapigia mjomba wao Bukavu kwa video, akatubariki. Chakula kikaja, sombe, yaani kisamvu, samaki, ugali wa muhogo, na kila nikifungua mdomo niseme mambo ya mpira mtu ananiongezea sahani. Silvanus, niliyemleta aongee, alikuwa anakula tu. Mwisho Tharcisse akasimama, akasema familia imetupokea, turudi Jumamosi tuongee dot, yaani mahari. Akina mama wakapiga vigelegele. Wote wakaniangalia mimi.

Nikasema sawa.

Sijui kwa nini. Ilitoka yenyewe. Marie-Thérèse alikuwa kwa mlango wa jikoni, anacheka mpaka anashika ukuta. Wakati wa kutoka akanisindikiza kwa gari, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Papa Kipkemboi, ule mukimbiaji yako muzee, mi simutaki. Lakini Jumamosi mukuje."

Sijui alijuaje. Mpira hatukuutaja hata kidogo.

Nyumbani nikamwelezea binti yangu Abigail. Huyu kila siku hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili: "Baba, umeposa." Halafu akaniuliza yeye atavaa nini.

Shida yangu ni hii. Nimefurahi. Namwaga zege nikiimba, mpaka msimamizi ameniuliza kama nimekunywa. Lakini sikuenda kuposa. Nikisema ukweli nitamwaibisha mbele ya watu wake. Nikinyamaza naanza na uongo. Na Chepkirui je? Na Jumapili ijayo ndiyo siku ya mwisho ya kikomo, timu iliyozidi inafutwa. Nifanye nini?

Jina langu weka gazetini. Kanisa zima washajua.

Kipkemboi, Wheaton

* * *

Mzee Kipkemboi,

Umeniambia nisicheke sana. Nimejaribu, nimeshindwa. Mwanamume mzima unabeba sukari, soda na blanketi ya mama mtu, na Silvanus ndani ya suti, unaingia nyumba ya mjane Jumapili mchana, halafu unashangaa kuona wamevaa tai? Ulitaka wafikiri nini, mmekuja kutengeneza bomba? Na ulipopewa nafasi ya kusema ulisema sawa. Hakuna aliyekushika mdomo. Ulijishika mwenyewe, na ulijua unachofanya.

Pole lakini, kwa hiyo miaka minne bila mke. Nakusikia.

Sasa sikiliza. Unauliza Marie-Thérèse alijuaje. Baba, huyo mwanamke anakupiga miaka miwili. Timu yako anaiona kwa simu yake kila siku. Alijua umezidi milioni kumi na moja kabla hujanunua ile sukari, na alijua nafasi iko kwake peke yake. Alijua kabisa umekuja kwa ajili ya mkimbiaji. Akakaa jikoni akamwachia kaka yake aongee. Hiyo aibu unayomwogopea haipo. Uongo pia haupo, ila wewe ndiye umebaki hujaambiwa.

Kwa hiyo mpigie leo, usimtumie ujumbe. Mwambie Jumapili ulikwenda kwa mambo ya mkimbiaji, na Jumamosi unakwenda kwa ajili yake. Maneno hayo tu, halafu nyamaza umsikilize. Akitaka kukukataa, akukatae kwa simu, bila wajomba. Sidhani atakataa.

Mkimbiaji mwache aende. Wewe unajua sheria kuliko mimi: ukimwacha mchezaji, sehemu ya mshahara wake inabaki kwenye hesabu ya timu yako mwaka mzima, na hakuna anayekuambia uifiche. Chepkirui naye ana sehemu yake kwako, itabaki. Marie-Thérèse ni mjane, ana ya kwake pia. Hatakuuliza uifute, na wewe usimuulize.

Jumamosi nenda na Abigail, avae anachotaka. Silvanus aongee kwanza, ndipo ale. Na mezani usitaje mpira, hata mjomba wa Bukavu akikuuliza.

Mkishaoana mtashawishika kuunganisha timu. Msiunganishe. Kila mtu abaki na yake, na Septemba msimu ukianza, akikupiga tena, mwoshee vyombo na umpongeze.

Mama Nyaguthii