Nyumba ya Kumpeleka Baba Chinatsu

Jumanne, 22 Januari 2019

Nimenunua daftari hili nilipokwenda kuchukua dawa ya bega. Nalificha kwenye pipa la mchele. Baba Chinatsu hapiki, hatalifungua — ingawa siku hizi hujui atafungua nini.

Jana asubuhi. Jiko la gesi linawaka, juu yake sufuria tupu, nyekundu chini. Nikanyoosha mkono nizime. Akaniuliza, wewe nani, unaiba nini humu. Nikamshika mkono wa shati, kama ninavyomshika siku zote, nimwambie ni mimi. Mara nikaona dari. Alinibeba kiunoni, akanizungusha, nikatua mgongo. Miaka thelathini na nne amefundisha judo shule ya kati. Jina la mwanawe linampotea. Judo haijampotea.

Na kinachonirudia zaidi ni hiki: nikiwa hewani alikuwa bado ameshika mkono wangu. Akauvuta juu ili kichwa kisigonge sakafu. Ndivyo alivyokuwa akiwafanyia wanafunzi. Kisha akanitazama pale chini, akasema nimeanguka vibaya, nirudie.

Daktari nimemwambia nimeteleza kwenye barafu. Hapa Shinjo mwezi wa kwanza, nani hajateleza. Akaandika bila kuinua macho.

Bi Onodera, mratibu wetu wa huduma, alikuja saa nane. Zipo nyumba mbili za wenye ugonjwa wa kusahau. Ya kwanza inakaribia kuwa na nafasi. Ya pili nafasi imepatikana wiki iliyopita. Nikauliza aliyekuwepo kahamia wapi. Akainua kikombe, akanywa chai yake. Swali la kijinga.

Akaniambia, Mama Chinatsu, nenda ukaone kwa macho yako. Vijitabu vyao vyote vina picha za maua.


Ijumaa, 25 Januari

Leo yuko kituo cha mchana hadi saa kumi. Nimekwenda kuona nyumba ya kwanza, ile karibu na stesheni.

Sakafu inang'aa, unajiona. Piano mlangoni, imefungwa kwa ufunguo. Hakuna harufu yoyote, na hilo ndilo lililonishtua. Watu arobaini wanaoishi, wanaokula, wanaojikojolea — harufu imekwenda wapi?

Meneja ni kijana wa suti, Bwana Tozawa. Mpole. Kila sentensi inaanza na "msiwe na wasiwasi". Akanionyesha bafu lenye kiti cha umeme, ratiba ya mwezi, chumba cha mazoezi. Hakuna aliyekuwa akifanya mazoezi.

Wote walikuwa ukumbini mbele ya televisheni. Saa nne asubuhi, na vichwa vimelala vifuani, safu kwa safu, kama mpunga uliopigwa na mvua. Bibi mmoja tu alikuwa macho. Anasema, samahani, samahani jamani. Sauti ya chini, ya adabu. Wahudumu wanne walipita, nimewahesabu. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nikamwendea mimi. Akaniuliza kama basi limeshapita.

Mzee mmoja alivaa ovaroli yenye zipu mgongoni na mifuko mikononi, kama glavu zisizo na vidole. Bwana Tozawa akasema ni kwa ajili ya ngozi yake, anajikuna.

Nikauliza, na mgonjwa akiwa mkali je, akipiga?

Akatabasamu. "Mama, hapa hatuna anayepiga."

Watu arobaini, na hakuna hata mmoja. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji bila kufungua mwavuli. Nimejaribu kumwona Baba Chinatsu katika safu ile. Nikamwona. Ndiyo shida yenyewe, nilimwona vizuri kabisa. Kilo themanini na saba, kichwa kifuani, mikono ndani ya mifuko.

Binti yetu Chinatsu amepiga simu kutoka Saitama. Nikamweleza. Akasema, Mama usichague sana, hatutafuti hoteli.


Jumanne, 29 Januari

Kituo cha mchana wamenipigia saa tano. Nije nimchukue.

Hakuumiza mtu. Hivyo ndivyo walivyosema, kwa haraka mno — hakuumiza mtu. Mzee mwenzake alimpita kwenye foleni ya chakula, Baba Chinatsu akamshika kola ya shati na mkono, tayari kabisa kumbwaga. Vijana wawili wakawaachanisha. Yule mzee alikuwa amehamishiwa meza ya mwisho nilipofika, chakula hajakigusa. Wakaniomba radhi wao, wakainama, nami nikainama chini zaidi. Kwa sasa, wakasema, itakuwa vyema apumzike nyumbani.

Nyumbani ni mimi.

Jioni Hangai ameleta mafuta ya taa. Alikuwa mwanafunzi wa Baba Chinatsu, sasa ana mvi. Akavua kofia, akaita, Mwalimu, hujambo. Baba Chinatsu akanyooka kama mti.

"Hangai. Tumbo hilo la nini?"

"Ni la mke wangu, Mwalimu. Anapika sana."

"Ukimbie uwanja mara kumi."

"Theluji imefika kiunoni, Mwalimu."

"Basi mara ishirini."

Tukacheka sote watatu. Nikacheka hadi bega likauma. Hangai anamjua alivyokuwa, na kwa dakika ile alikuwa hivyo. Kisha Hangai akainua dumu kwenda nyuma ya nyumba, na Baba Chinatsu akanigeukia akauliza, yule mtu ametoka na nini chetu? Macho yakawa yale ya asubuhi ile ya jiko. Nilirudi nyuma hatua tatu. Nimezoea sasa, mkono wake usinifikie, nami nisimguse mkono wa shati. Nahesabu hatua ndani ya nyumba yangu mwenyewe.


Jumapili, 3 Februari

Leo ni ile siku ya kila mwaka ya kurusha maharage ili kufukuza zimwi. Hangai alikubali kukaa na Baba Chinatsu kwa saa mbili. Nikapanda hadi nyumba ile ya pili, kilimani, bila kupiga simu kwanza. Bi Onodera alinishauri hivyo: nenda siku ambayo hawakutarajii.

Nyumba ya zamani ya wakulima. Wanaishi tisa tu. Viatu vimerundikana mlangoni, na harufu ipo — figili inachemka na mkojo kidogo. Nilisimama pale nikaivuta puani. Nikaona aibu, maana nilipumua kama mtu aliyefika kwake.

Walikuwa katikati ya mchezo. Mhudumu mmoja kavaa kinyago chekundu cha zimwi, wazee wanamtupia vikaratasi vilivyofinyangwa, wasije wakakabwa na maharage. Bibi mmoja akaogopa kweli, akalia kama mtoto. Yule zimwi akavua kinyago pale pale, akapiga magoti. Akasema, ni mimi, Bibi, ni Kudo, yule wa kuunguza samaki. Bibi akamtazama. Akasema, basi wewe ni mbaya kuliko zimwi. Nyumba nzima ikacheka. Kinyago hakikuvaliwa tena.

Jikoni bibi mwingine anakata figili kwa kisu halisi. Nikamwuliza mkuu wa nyumba, Bi Igarashi, hamwogopi? Mwanamke mfupi, mikono imepasuka kwa maji. Akasema anaogopa kila siku. Lakini alipomnyang'anya kisu, yule bibi aliacha kula.

Nikamwuliza kuhusu ajali. Nilitegemea "msiwe na wasiwasi". Akavuta faili. Oktoba, bibi wa miaka themanini na nane, alianguka chooni, akavunjika nyonga. "Zamu ilikuwa yangu," akasema. "Nilikuwa nimekwenda kupokea simu." Akaniacha nisome ukurasa wote.

Nilitaka nimlete Baba Chinatsu siku ileile.

Kisha nikakaa ukumbini, na kabibi kadogo kakaja kukaa kando yangu. Bi Tome, miaka tisini na miwili. Mwili wake mzima ungeingia kwenye kapu la nguo. Akanishika mkono wa sweta. Ameshika tu, kwa nguvu kama mtoto sokoni. Kudo akasema, samahani Mama, huyu hushika kila mtu. Kila anayekaa karibu naye, lazima amshike.

Mkono wa nguo. Hivyohivyo nilivyomshika Baba Chinatsu jikoni.

Bi Igarashi atakuja Ijumaa kumwona Baba Chinatsu. Kanipa fomu nijaze. Nyingi ni za kawaida: anakula nini, anaogaje, anapenda aitwe nani. Swali la saba: je, amewahi kumuumiza mtu? Akaniambia wazi, hawana wahudumu wa kutosha, mwaka jana walimkataa mmoja aliyekuwa akipiga watu. Alilia alipomkataa, akasema. Lakini alimkataa.


Jumatano, 6 Februari

Chinatsu amekuja kwa treni ya asubuhi. Baba yake amemwita "binti", akamsifu kwa kuja na baridi hii, akamwuliza wazazi wake hawajambo. Chinatsu akajibu hawajambo, wanakusalimu. Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jioni akanisugua mgongo bafuni kama zamani. Nilikuwa nimesahau michubuko. Kitambaa kikasimama.

"Mama, hii si barafu."

Nikamwambia yote. Yote niliyoandika humu.

Tukabishana kwa sauti ya chini, maji yanapoa. Anasema niandike hapana. Neno moja tu, Mama. Ukiandika ndiyo watamkataa, atabaki na wewe, na safari ijayo hatakumbuka kukuvuta mkono. Nikamwambia habari za Bi Tome. Kwamba atamshika Baba Chinatsu nguo. Kwamba hatatua mgongo kama mimi, atavunjika kama yai.

"Bi Tome si mama yangu," akasema.

Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Ila naye Bi Tome atakuwa na binti mahali fulani, anayesugua mgongo wa mtu.

Bwana Tozawa wa stesheni amepiga simu. Nafasi imepatikana. Nikamwambia huenda mume wangu si mpole sana. Hakushtuka. Akasema hilo si tatizo, wana daktari wao, wana dawa, wiki mbili tu atatulia. Mama msiwe na wasiwasi. Anataka jibu kufikia Jumatatu.

Wiki mbili. Kisha atakuwa kwenye safu ile, kichwa kifuani.


Ijumaa, 8 Februari

Bi Igarashi amefika saa nne kamili. Naandika jikoni nimesimama, nasubiri maji yachemke.

Baba Chinatsu ni mzuri leo. Ndiyo bahati yangu hiyo, leo ni mzuri. Alijifunga vifungo vyote mwenyewe. Akampokea mgeni, akainama vizuri kuliko mimi. Bi Igarashi hakukaa mbele yake kama mkaguzi. Alikaa kando, wote wanaangalia theluji, akamwuliza nani atapanda paa mwaka huu kuikwangua. Wamezungumza theluji robo saa. Namsikia Baba Chinatsu akimwuliza yuko darasa la ngapi. Bi Igarashi anajibu, nilifeli, Mwalimu, narudia la pili. Baba Chinatsu anacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu kiangazi.

Bi Igarashi alinifuata jikoni kidogo kuomba maji. Nilikuwa nainua birika kwa mkono wa kushoto. Akauliza, bega limefanya nini.

Chinatsu akajibu kabla sijafungua kinywa. Aliteleza kwenye barafu.

Bi Igarashi hakumtazama Chinatsu. Alinitazama mimi. Wala hakuuliza tena, akasema tu, fomu ataichukua akiondoka, nisiwe na haraka. Akarudi ndani.

Fomu iko hapa mezani. Zote nimejaza ila la saba. Chinatsu ameketi mbele yangu, ameweka kidole kwenye neno hapana. Kucha zake amezitafuna hadi nyama.

Mle ndani sauti imebadilika. Anamfundisha. Anasema, simama, kwanza kabla ya yote mtu hujifunza kuanguka. Bi Igarashi anasema ndiyo, Mwalimu. Mkeka unalia chini ya miguu. Sijui amemshika au hajamshika. Nikipiga kelele Bi Igarashi atajua. Nisipopiga —

Kiganja kimepiga mkeka, kama wafanyavyo wanaojifunza kuanguka. Pa. Kimya.

Birika linaanza kuimba.

Kisha sauti ya Baba Chinatsu: vizuri, mara nyingine. Na Bi Igarashi anahema, anacheka kidogo, au si kicheko, siwezi kujua kutoka hapa.

Nimeshika kalamu. Nimeandika: Ndiyo. Mara tatu. Novemba bafuni, kidole. Siku ya mwaka mpya, ubavu. Januari jikoni, bega. Zile mbili za kwanza sikuziandika hata humu, nililidanganya hata daftari la kwenye mchele. Na chini yake nimeandika: ukimshika mkono wa nguo. Msimshike mkono wa nguo.

Chinatsu amesoma. Amesimama mlangoni, mikono kwenye fremu huku na huku, machozi yanamtoka na hanipishi. Maji yamechemka. Mle ndani kiganja kimepiga mkeka tena, na Baba Chinatsu anaita, Mama, chai iko wapi, mgeni anasubiri. Fomu nimeiweka kwenye sinia, kando ya vikombe; naenda.