Chupa ya Sukari ya Tom

Mpendwa Dani,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyojifunza maneno mawili tu, "chai" na "bado", na yote mawili ukiyatamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Usinune. Aliyekwisha kufa hahitaji mkalimani, na leo Kiingereza kimenikatalia kabisa. Kama kuna wengine watakaoisoma barua hii, waisome. Nimechoka kunong'ona.

Wajue basi kwamba wewe ni Edith, bibi kizee niliyekutunza miaka minne kule Uingereza, katika kijiji chako chenye kanisa moja, duka moja na kondoo wengi kuliko watu. Nilitoka Kisumu kuja kukuosha, kukulisha na kukulaza. Asubuhi ya kwanza ulinitazama kutoka kisigino hadi utosi, ukauliza, "Wamekuleta wewe kuvuna viazi?" Nikadhani ni dharau. Nusura nikujibu vibaya, na mdomo wangu unaujua. Jirani yako ndiye aliyenivuta kando akanieleza kwamba akili yako ilikuwa imerudi kwenye vita vikuu vya pili, ulipokuwa mtoto wa miaka minane, wanaume wakaenda kupigana na serikali ikaleta wasichana wa mjini kulima mashamba yao. Haya, nikawa msichana wa shamba. Nami nikakufundisha kwamba kwetu Wajaluo nyanya anaitwa Dani, ukakubali kuwa wangu.

Vita vyako nilivijua kuliko taarifa ya habari. Jua likianza tu kushuka, unapiga kelele, "Mapazia! Mapazia!" maana taa ikionekana nje ndege za adui zitatuona, na mzee wa zamu atafoka barabarani, "Zima taa hiyo!" Wakati wa baridi kule kwenu giza linaingia saa kumi jioni, jamani, nikawa nafunga mapazia chakula cha mchana hakijashuka tumboni. Ulinisimulia walivyong'oa vibao vya barabarani ili adui akija apotee. Ulinisimulia watoto wa London walioletwa kwa treni, kila mmoja na kikaratasi cha jina shingoni, na mmoja wao akalazwa kitandani mwako akakukojolea. Kengele ya kanisa ilinyamazishwa. Uwanja wa kanisa ukalimwa viazi, kasisi mwenyewe akishika jembe, na ukifika hapo ulicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Nami nikitupa maganda ya viazi unayatoa kwenye pipa: "Hayo ni ya nguruwe! Huna adabu wewe!"

Lakini sukari ndiyo iliyokuwa vita vyenyewe. Ilikuwa ya kupimiwa, kila mtu na fungu lake dogo la wiki. Kaka yako Tom alipokwenda vitani, mama yenu aliweka chupa tupu ya jemu juu ya rafu, na kila alipokunywa chai, kijiko kimoja kutoka fungu lake mwenyewe kikaingia kwenye ile chupa. Ya Tom hiyo. Tom alipenda chai tamu, basi akirudi aikute. Kisha siku moja akaja kijana wa posta na baiskeli yake, amebeba simu ya maandishi, na kijiji kizima kikasimama madirishani kuona atashuka kwenye lango la nani. Akashuka kwenu. Karatasi haikusema Tom amekufa. Ilisema hajulikani alipo. Mama yenu akaikunja, akaenda kwenye rafu, akatia kijiko cha siku hiyo. Na wewe ulikuwa umesimama hapo ukimtazama.

Ulimtazama ukajifunza. Nilikukuta karibu miaka themanini baadaye, mama yako yu kaburini, vita vimekwisha na wajukuu wa waliopigana wamezeeka, na wewe bado kila chai unachota kijiko unakitia kwenye chupa ileile. Ikijaa, nasubiri usinzie, naimwaga nusu kwenye mfuko wa sukari ili upate nafasi ya kuendelea. Kila jioni unaniuliza, "Tom amerudi?" Mwanzoni nilikwambia ukweli, kwamba Tom alikufa zamani. Ulilia, Dani! Ulilia kama mtu aliyeletewa habari dakika hiyo. Kesho yake umesahau, unauliza tena, nikaona siwezi kukuulia kaka kila siku. Nikakujibu kwa Kiswahili, "Bado." Ukalipenda neno lenyewe. "Bado," unasema, unatikisa kichwa taratibu, unatia kijiko.

Unakumbuka nilipokwambia habari za Muhoroni? Nilikueleza kwamba huko nilikoolewa sukari inaota shambani, matrekta yanakokota miwa mchana kutwa, na watoto wanakimbia nyuma wakichomoa. "Mwongo!" ukasema. "Na mingine inaanguka barabarani, Dani, tunaikanyaga." Ukafikiri kabisa. Mwisho ukasema, "Basi Tom tumpeleke huko." Nilicheka hadi nikashika meza. Sasa nikikumbuka maneno hayo napata baridi.

Ulipofariki, mpwa wako alikuja kuondoa vitu, akamwaga sukari ya Tom, na chupa akaitia kwenye sanduku la takataka. Niliichukua. Nilirudi nayo nyumbani imefungwa ndani ya sweta, nikaiweka rafuni kwenye hoteli yangu ndogo ya chai pale Mamboleo, njia panda, madereva na wachuuzi wanapoteremkia. Ilikaa tupu. Ilikuwa ukumbusho tu.

Sasa nikueleze kuhusu Ochieng. Ni yule mwanangu uliyekuwa unamwona kwenye simu yangu ukampungia mkono. Baada ya mimi kurudi, alikuja mtu mwenye ulimi wa asali, akawaambia vijana kuna kazi ya kuendesha lori katika nchi moja ya baridi. Ochieng ni dereva. Alikuwa na mke, Lilian, na mtoto wa miaka minne, Akoth. Akaenda. Muda si muda akatuma picha, amevaa nguo za kijani na viatu vizito.

"Ochieng, hizo ni nguo za dereva?"

"Mama nawe! Ni za baridi tu. Wacha wasiwasi."

Kisha akatuma sauti yake. Bado ninayo. Anasema: "Huku ni kijijini, Mama, shamba tupu, kama huko kwetu Awasi. Lakini wenyewe wamekimbia. Ng'ombe wanalia usiku kucha, hakuna wa kuwakamua. Na giza likiingia haturuhusiwi kuwasha hata simu." Hapo nilijua yuko vitani. Hakuna mtu aliyenieleza, Dani, nilijua kwa sababu yako. Mapazia! Nilipiga kelele mbele ya wateja na chai ikanimwagikia mguuni.

Baada ya hapo, kimya. Miezi ikapita, kijana mmoja wa Kisumu aliyekuwa naye akapiga simu kutoka hospitali ya huko. "Tulitoka pamoja, Mama, nikarudi peke yangu. Sikumwona akianguka. Lakini pia sikumwona akiinuka." Nilikwenda Nairobi kwenye ofisi ya serikali, nikaambiwa nije wiki ijayo, nikaja, nikaambiwa nije tena. Mwishowe msichana mmoja mwenye kucha nzuri aliangalia kompyuta yake akaniambia mwanangu hajulikani alipo. Maneno yaleyale, Dani! Bahari nzima katikati, miaka chungu nzima, na hawajapata maneno mengine.

Sikuamua kuhusu chupa. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga chai yangu, mkono ukaenda wenyewe, kijiko kikaingia. Cha Ochieng. Tangu siku hiyo sijaacha. Simu ikilia nainyakua hata mikono ikiwa na unga, ikinyamaza ndiyo mbaya zaidi. Kumbe hivi ndivyo mlivyoishi. Mlikula, mkafua, mkalisha kuku, na mlango mmoja wa moyo ukawa haufungwi, baridi inaingia tu. Ulinisimulia hayo yote nikadhani ni hadithi za mtu mzee.

Halafu akaja shemeji yangu, Mzee Owuor, kaka wa marehemu mume wangu, na wazee wawili. Wakanywa chai yangu kwanza, wakaisifu, nikajua kuna jambo. "Mama Ochieng," akasema, "mwaka umepita na zaidi. Kijana hawezi kulala nje ya boma namna hiyo. Tumrudishe." Hujui desturi yetu hii, Dani, sikuwahi kukwambia. Mtu wetu akipotea na mwili usipatikane, tunakata yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti wa mvungunya. Tunalifunga kwa nguo yake, tunalilaza kwenye jeneza, tunalilia, tunalizika nyumbani kama mtu.

Niliwafukuza. Nilisema, "Mwanangu si tunda! Atakayeleta yago kwangu nitalikatakata nimpikie, na atalimaliza!" Mzee Owuor akachukua kofia yake, akasema taratibu, "Tumesikia, Mama. Tutarudi." Walipotoka, Lilian akaja akasimama mlangoni. "Mama, mimi si mke, si mjane. Nikienda kanisani sijui hata nivae nini." Na yeye nikamgombeza, maskini.

Basi ningeendelea hivyo mpaka nife. Aliyenivunja ni Akoth.

Wiki iliyopita alitoka shule, nikamwekea chai. Ana miaka sita sasa. Akapanda juu ya kiti, akachota sukari niliyompimia yeye, na badala ya kuitia kikombeni akanyoosha mkono hadi kwenye rafu, ulimi nje, asimwage, akaitia kwenye chupa. "Hii ya Baba." Akashuka, akanywa chai yake chungu bila kunung'unika. Kisha akaniuliza, "Dani, Baba amerudi?" Ndiyo, mimi ndiye Dani wake. Na kabla sijafikiri, mdomo wangu ukajibu, "Bado." Mtoto akatikisa kichwa. Taratibu, Dani. Vilevile kama wewe.

Nikamwona ana miaka tisini. Nikamwona kwenye nyumba fulani, na mwanamke mgeni aliyelipwa kumwosha anasubiri asinzie ili apunguze sukari chupani. Nikakaa chini sakafuni, wateja wanaita "Mama, maandazi!" na mimi nimekaa tu. Nilipoweza kusimama nilimpigia Mzee Owuor. Nikamwambia, "Lileteni."

Sasa niko Muhoroni, bomani. Tenti imesimamishwa, jeneza liko sebuleni, matrekta ya miwa yanapita barabarani kama kwamba hakuna jambo. Waliniomba nguo yake. Nilitoa shati la bluu lililochakaa kola, lile nililomnunulia kule kwenu, na nikakataa mtu mwingine asilifunge. Yago ni zito, Dani. Nililipakata. Nilipokuwa nafunga vifungo nilijikuta naliimbia, na wanawake wakaniondolea mikononi. Sijui nimemleta mwanangu nyumbani au nimemfungia mlango usoni. Na akirudi je? Akisimama langoni akaona msalaba una jina lake? Mzee Owuor anasema akirudi tutachinja ng'ombe na kucheka mpaka asubuhi. Nilimtazama machoni. Naye hacheki, alimlea yule kijana.

Chupa nimekuja nayo. Ilikuwa imejaa. Nimewapa wanawake wa jikoni, na kesho waombolezaji watakunywa chai ya sukari ya Ochieng. Mama yako hakuweza kufanya hivyo, simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipomwona mpishi akifungua kifuniko ilinibidi nitoke nje nikashike ukuta. Akoth aliniuliza sukari ya Baba inaenda wapi, nikamwambia. Nilimwambia yote. Alilia, nami nikalia naye, akalala mapajani mwa Lilian.

Kwaheri basi, Dani wangu. Mapazia sikuyafunga leo. Nimeacha taa zote zinawaka, aone boma akiwa njiani.

Ila nina ombi, na sijui mwingine wa kumwomba. Huko uliko, mtafute. Ni mrefu, ana pengo mbele, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mwambie "chai" kwa lafudhi yako hiyo mbaya, atajua nimekufundisha mimi. Ukimpata, mkalishe karibu na Tom, na umpe sukari vijiko viwili, usimpimie. Nami nitatulia, nakuahidi. Lakini kaburi linafukiwa kesho saa nane mchana. Ukitafuta kote kabla ya saa nane na ukamkosa, Dani, ukamkosa kabisa, basi usinyamaze. Lete mvua, angusha tenti, fanya lolote unaloweza, ila usiwaache wafukie.

Msichana wako wa shamba,
Mama Ochieng