Wajina wa Mzee Gunnar

Silver Spring, Maryland
Jumapili alasiri

Mpenzi Mama Nyambura,

Nianze na goti lako. Bado linakusumbua unapopanda kutoka mtoni, au dawa niliyompa Kamau akuletee imesaidia? Mimi sijambo, ila baridi imenifunza kuvaa soksi mbili. Wanafunzi wangu wa Kiswahili sasa wanaweza kuniuliza hali yako bila kusoma kitabuni. Binti yetu Nyambura amepata nguvu baada ya kujifungua, na mtoto ananyonya kama ndama.

Umeuliza kwa nini mjukuu bado hana jina. Unajua kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Baba yake Paul, mkwe wetu, anaitwa Gunnar, basi mimi niliona neno limekwisha. Ni jina la zamani la watu wa kaskazini mwa Ulaya, na maana yake ni mpiganaji. Nilikwenda maktaba kulichunguza, si unanijua. Katika masimulizi ya kale ya Iceland wamo akina Gunnar kadhaa, hodari na wakaidi, na si wote wanaofika uzeeni. Hilo nililisoma nikicheka.

Jumamosi wazazi wa Paul walikuja kutoka Columbia, mji wa jirani, kula nasi. Nikasimama, nikamweka mtoto mikononi mwa mzee. "Mzee Gunnar, pokea wajina wako." Nikangoja vigelegele.

Mzee akabadilika uso. Akamrudisha mtoto kwa Nyambura kana kwamba ameshika sufuria ya moto.

"Mimi sijafa," akasema.

Kumbe nyanya yake, aliyezaliwa Norway, alimfundisha kwamba jina huchukuliwa kwa marehemu tu. Yeye mwenyewe alipewa la babu aliyezama baharini. Kumpa mtoto jina la aliye hai ni kumharakisha aondoke. Na mwezi ujao mzee atapasuliwa moyo.

"Ngojeni kidogo tu," akasema. "Labda jina litakuwa huru."

Paul akasema basi, watatafuta jina jingine. Nyambura akanitazama. Kwetu kumruka babu ni kumwambia hatumhesabu.

Nikamweleza mzee polepole. Kwetu jina halimtoki mwenyewe ili limfikie mtoto. Wanakuwa wawili wa kuliitikia. Nyambura hatamfokea mtoto ovyo, maana ni baba mkwe wake. "Na mkeo," nikasema, "atamwita 'mume wangu.'"

Mkewe akanyoosha mikono akapewa mtoto. "Mume wangu, wewe angalau utanisikiliza? Huyu wa kwanza nimemwambia aache sigara hadi nimechoka."

"Usimchongee mtu kwa mgeni," mzee akanung'unika.

"Basi mwambie mwenyewe anaitwa nani."

Mzee akainama. "Gunnar," akasema, taratibu, kama mtu anayebisha hodi asikokujua.

Paul alilia, Mama Nyambura. Lakini mzee bado anaogopa. Nami naogopa. Akifia hospitalini, maelezo yangu yote hayatamfaa Paul kitu.

Nisalimie mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie mdogo wangu Kamau, na mwalimu mkuu jirani yetu. Barua hii itakufikia kabla ya upasuaji, kwa hiyo wakusanye akina mama wa kanisa mumwombee. Usihangaike kutenganisha babu na mjukuu. Taja Gunnar, na uombe aishi.

Mimi wako daima,
Baba Nyambura