Samadi ya Bondeni

Jumatatu, 3 Machi
Tuta la tatu limekwisha. Mgongo unauma vibaya. Udongo wa huku kwetu Mbulu ukilowa unang'ang'ania jembe utadhani una deni nalo. Miche ya maua ya airisi ni kumi na tisa. Emiliana alisia mbegu mwenyewe kwenye makopo, Oktoba. Novemba tukamzika. Binti yetu pekee. Mbegu nyingine hakuna, na mmea mama ulishaliwa na mbuzi. Miche ikikomaa tutaihamishia kaburini kwake. Mke wangu hataki kingine chochote duniani.

Alhamisi, 6 Machi
Pikapu imeleta samadi kutoka Yaeda Chini, kule bondeni. Magunia sita. Kavu, unga mtupu. Mama Emi mguu umevimba, hatoki nje. Ameniita dirishani: nilowanishe lundo, nichomeke kijiti, nikichomoe baada ya siku mbili nione kama kina joto; kikiwa nalo, samadi bado haijaiva. Mambo ya mama yake hayo. Nikamwambia samadi ya bondeni imekauka na jua, imeshaiva zamani. Aliyefundisha kilimo miaka ishirini ni mimi, si yeye. Nimeichanganya yote na udongo wa matuta leo leo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda. Mvua ya kutosha. Miche yote imesimama. Nikamwambia, umeona? Akacheka kidogo. Mara ya kwanza tangu msiba.

Jumatano, 12 Machi
Ncha zimekuwa njano. Labda baridi. Mama Emi kauliza. Nimesema inaendelea vizuri.

Ijumaa, 14 Machi
Minane imelala. Nimeingiza vidole kwenye tuta. Moto! Kama uji uliofunikwa. Mvua imeiamsha ile samadi. Haikuwa imeiva, ilikuwa kavu tu. Mjinga mimi. Mjinga mwenye cheti. Nimeng'oa yote, mizizi ya mingi imegeuka kahawia. Iliyobaki nimeihamishia kwenye udongo mtupu. Najua nimechelewa.
Jioni kauliza tena. Nikasema vizuri. Naogopa macho yake.

Jumapili, 16 Machi
Jirani yetu Mama Safari katoka kanisani, kapita kumjulia hali mgonjwa. Akampa pole ya maua. Aliyaona toka njiani, hakujua mwenzake hajaambiwa. Mama Emi akatoka anaburuta mguu, anashika ukuta, mpaka bustanini. Akakaa kwenye tope. Mitatu tu ilikuwa na kijani, nayo kidogo.
"Siku nne unanidanganya, Baba Emi."
Habari ya samadi hakuigusa kabisa. Bora angenitukana.

Jumanne, 18 Machi
Mche wa mwisho umekufa asubuhi. Nimekwenda kumwambia mwenyewe, kabla hajauliza. Nikamwambia na samahani. Miaka thelathini na moja ya ndoa, neno hilo sijawahi kumpa. Aliendelea kuchambua maharage. Baadaye akasogea kidogo kwenye benchi. Nikakaa. Tumechambua mpaka yakaisha.