Shangazi, Kupe Hutafutwa kwa Vidole

Mpendwa Shangazi,

Majuzi mwanamke mmoja hapa Mbale alinikuta nimeingiza kidole ndani ya sikio la farasi, akaniuliza kazi hii niliisomea wapi. Nikamjibu kwamba niliisomea Jinja, kwa shangazi yangu, afande wa polisi aliyestaafu. Alicheka, akadhani namtania. Lakini jibu lile limekaa nami siku zote hizi, ndiyo maana naandika. Najua huko uliko hakuna posta. Basi waisome wengine, nami nitajiambia kwamba umesikia.

Ulinipokea nyumbani kwako Mpumudde, pale Jinja, nikiwa na miaka ishirini na sita na begi moja, kiwanda nilichofanyia kazi kimefungwa. Hukuniuliza nitakaa mpaka lini. Ulisogeza kitanda chako kuelekea dirishani, ukanitandikia godoro upande wa pili, na asubuhi yake tukapanda boda moja, mimi katikati, wewe nyuma na buti zako za polisi, mpaka kwenye lile shamba juu ya mto Nile ambako wageni hupanda farasi, ulikofanya kazi ya kuwatunza baada ya kustaafu. Sikuwa nimewahi kumgusa farasi maishani. Kambini nilikokulia, kwa baba askari magereza, tulifuga mbuzi na kuku tu.

Uliniweka karibu na Mvua, yule jike wa kijivu aliyekuwa mzee kuliko wenzake wote. Ukaushika mkono wangu, ukaupitisha mwilini mwake taratibu: ndani ya masikio, chini ya nywele za shingo, kwapani, katikati ya mapaja, halafu chini ya mkia, mahali ambapo nilitaka kuurudisha mkono nawe ukaubana. Ukasema kwa kile Kiswahili chetu cha kambini, "Kupe hapana tafuta na macho. Tafuta na vidole." Na kweli, macho yangu hayakuwa yameona kitu, lakini kidole kilikuta kivimbe kidogo kama punje ya mtama. Ulinionyesha jinsi ya kumbana kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila kumkamua. Nilikuwa nimesikia kwamba hupakwa mafuta ya taa au huchomwa kwa kiberiti. Ulinikataza yote mawili, ukanieleza kwamba kupe akiteswa hutapika uchafu wake ndani ya damu ya mnyama.

Nakumbuka pia ulivyozungumza na farasi. Watu wengi wa pale, hasa wenye umri wako, wakisikia Kiswahili mgongo ulikakamaa, kwa sababu walikifahamu kutoka kwenye midomo ya wanajeshi waliowatesa zamani. Wewe uliwanong'oneza farasi kwa lugha hiyohiyo, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Yule mama wa Kisoga aliyetuletea majani alikuwa akisimama kukusikiliza. Siku moja aliniambia kwamba hakujua maneno yale yanaweza kusemwa kwa upole.

Sheria zako hazikuwa nyingi, lakini hazikuvunjwa. Kila farasi alikuwa na brashi yake na blanketi lake, kwa sababu chawa na upele husafiri kwa vitu vya kuazimana. Brashi zilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, zikaanikwa juani. Nyasi za kando ya uzio zilifyekwa zikawa fupi, na ng'ombe wa jirani hawakuruhusiwa kulala kwenye malisho yetu hata mvua inyeshe vipi. Dawa ya kunyunyiza ilipimwa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, na usoni ulitumia kitambaa. Hukuruhusu bomba lifike machoni. Mimi niliona ni unajeshi tu.

Ndiyo sababu nilikosa. Juma moja wageni walikuwa wengi, na kila asubuhi nilimpiga Mvua brashi haraka, nikatazama masikio kwa mbali, nikaweka matandiko. Siku ya sita alikataa kula. Alisimama kichwa chini, na ulipomfunua mdomo fizi zake zilikuwa zimegeuka manjano. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Uliinua mkia wake, ukapitisha vidole, ukatoa kupe mmoja, wa pili, wa tatu, wameshiba mpaka wanang'aa. Mwenye shamba alikuwa amesimama hapo na daktari wa mifugo. Daktari alisema ni homa ya damu ambayo kupe huileta, na kwamba kwa umri wake hawezi kuahidi kitu. Kisha mwenye shamba akauliza ni nani alikuwa akimkagua.

Nilisema nilimkagua kila siku.

Ulinitazama mara moja tu. Halafu ukamwambia mwenye shamba, "Mimi ndiye mkubwa hapa. Mimi nimekosa." Siku hiyohiyo ufunguo wa stoo ya dawa ulichukuliwa mikononi mwako, ukapewa mtu aliyekuja kazini baada yako.

Siku tatu tulimhudumia Mvua pamoja, wewe ukimnywesha maji, mimi nikimfukuzia inzi. Ningefurahi kama ungenigombeza. Siku ya nne alinyoosha shingo, akachukua majani mkononi mwako. Ulifunga macho kidogo, na mimi nikashindwa kuendelea kusimama pale. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwenye shamba, nikamwambia kwamba nilidanganya, kwamba mkia ule sikuuinua hata siku moja, na kwamba ufunguo ule ni wako. Nilidhani nitafukuzwa. Alikasirika, akaniambia sitalipwa likizo mwaka ule, lakini alikurudishia ufunguo.

Jioni, tukiwa tunasubiri boda, ulisema, "Kusahau kupe, sawa. Mtu nasahau. Lakini ukidanganya, daktari natibu farasi ambayo haiko." Nililia barabarani, watu wakitazama. Ukanipa leso yako, ukanitaka nimalize kulia kabla pikipiki haijafika, maana dereva angedhani umenipiga. Tukacheka wote wawili.

Mvua aliishi miaka mingine miwili. Wewe uliishi mmoja baada yake. Nilikuwa nawe hospitali, na unajua yote tuliyosema pale, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Acha nikuambie ambayo hukuyaona. Nilirudi Mbale kwa wazazi, na Bwana Wekesa, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kenya, akaniajiri. Ana ghala katika eneo la viwanda, na nyuma ya ghala ana uwanja, ng'ombe kadhaa na farasi watatu anaowakodisha kwenye harusi. Ni mtu mwema, ila ana haraka. Mwezi wangu wa pili, mvua zikiwa zimeanza na kupe wamejaa nyasini, alikuja na ndoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, imeshachanganywa, akaniambia nikimaliza ng'ombe niwanyunyizie farasi pia.

Nilisoma chupa. Ilikuwa dawa ya jamii ile uliyonionyesha dukani Jinja, ukaniambia kwamba ng'ombe huiweza lakini farasi humsimamishia matumbo, akafa kwa maumivu. Nilimweleza. Akasema kupe ni kupe, na kwamba yeye amefuga tangu sijazaliwa. Nikamwambia, "Bwana, farasi si ng'ombe aliyekonda. Dawa hii siwapigi." Akaniuliza kama nafahamu kwamba yuko mtu mwingine anayeitaka kazi hii. Nilisema nafahamu.

Shangazi, niliogopa. Nyumbani wananitegemea. Lakini nilishawahi kusimama karibu na farasi mgonjwa nikasema neno rahisi, na ninajua ladha yake ilivyodumu mdomoni. Nilisimama mlangoni mwa banda, nikampigia simu daktari wa mifugo, nikaiweka kwenye spika ili Bwana Wekesa asikie mwenyewe. Daktari alimuuliza jina la dawa. Alipolisikia tu akamwambia aiondoe ndoo ile karibu na farasi mara moja, na kama wamekwisha kunyunyiziwa aseme sasa hivi ili aje. Bwana Wekesa alisema hapana, bado. Alichukua ndoo mwenyewe, akaipeleka kwa ng'ombe bila kunitazama. Nililala nikijua kazi imekwisha.

Baada ya siku nne alirudi na dawa ya farasi aliyoandikiwa na daktari. Hakuomba msamaha, na mimi sikuutaka. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaniambia nimwonyeshe hao kupe wanakaa wapi. Nikaushika mkono wa tajiri yangu kama ulivyoushika wangu. Alipofika chini ya mkia alitaka kuurudisha, nikaubana. Kidole chake kilipompata wa kwanza alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa huja na suti yake, hukunja mikono ya shati, na hukagua masikio ya farasi mmoja. Ng'ombe wamehamishiwa uwanja mwingine. Kila farasi ana brashi yake.

Niko vizuri, Shangazi. Nataka ulijue hilo kuliko yote. Nimepanga chumba kidogo, baba amezeeka lakini anatembea, na asubuhi naamka nikiwa na hamu ya kwenda kazini.

Wiki tatu zilizopita mmoja wa farasi wetu alizaa. Mtoto ni jike, mweusi, miguu mirefu kupita kiasi, na mama yake hakutaka tumkaribie siku zote hizo. Jana alikubali. Nilipiga magoti kwenye majani makavu, nikaanza na masikio yake, laini kama ndani ya shavu. Sikupata kitu sikioni, shingoni wala kwapani. Nilikuwa bado natafuta, sina haraka, nilipohisi uzito: mtoto alikuwa ameniegemea begani na amelala. Mama yake alitutazama, kisha akarudi kula. Nikabaki hivyohivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Pumzika, Shangazi. Wanyama wako salama.

Mimi,
Binti wa kaka yako