Forodha Wamekuwa Wepesi Mno

Bangwe, Kigoma
Jumapili

Baruani wangu,

Pokea salamu za huku Bangwe. Barua hii nimempa nahodha wako, maana kwenye simu unacheka tu, huniachi nimalize.

Sisi wazima. Mama yupo na samaki wake wa migebuka, nami bado nawapikia watu wa bandarini, ila wateja wamepungua. Wa kulaumiwa ni huo mfumo mpya wa forodha! Zamani saruji yako ya kwenda kwenu Kalemie, Kongo, ilisubiri mihuri wiki nzima, nawe ukashinda kwenye benchi langu, ukimlalamikia karani na kuongeza ugali. Si ndivyo tulivyozoeana? Sasa kila kitu kinamalizwa kwenye kompyuta kabla hujafika. Safari iliyopita ulipakia asubuhi, adhuhuri boti imeshaondoka, na samaki niliyekuwekea nikamla mwenyewe kwa hasira. Watu wanashangilia. Hata mimi ningeshangilia, kama mpenzi wangu angekuwa anakaa hapo mtaa wa Katubuka, si ng'ambo ya ziwa.

Halafu Alhamisi walikuja washenga kuniposa. Wa mtu mwingine. Baba amewaambia atafikiri.

Kwa hiyo nisikilize. Mzigo wako utangulize kwenye kompyuta upendavyo, lakini posa hapana. Baba yangu hana mfumo. Kwake unakuja na wazee wako, mnavua viatu, mnakaa mkekani, mnasubiri mpaka atakapojisikia kujibu.

Ugali nitapika mimi. Njoo ucheleweshwe.

Ni mimi wa kwenye benchi,
Mwamini